Nani Ana Uwezo wa Kujifunga: Sheria ya Mikataba katika Soko la Sondu

Soko la Sondu limekaa pale zinapokutana kaunti tatu, yaani Kisumu kwa upande wa Nyakach, Kericho na Homa Bay, kando ya barabara kuu itokayo Ahero kuelekea Oyugis na Kisii. Kwa sababu hiyo watu wanaouziana hapo mara nyingi hawatoki ukoo mmoja, hawasemi lugha moja nyumbani, wala hawana mzee mmoja wa kijiji ambaye wote wangemtii wakikosana. Viazi vitamu huletwa kutoka Kabondo, ndizi kutoka Kisii, mananasi na ng'ombe kutoka upande wa Kericho, samaki kutoka ufuo wa Nyakach, na kila mzigo unaobadilisha mikono ni mkataba kamili mbele ya sheria hata pasipo karatasi yoyote iliyoandikwa. Sheria ya Kenya haidai maandishi kwa gunia la viazi. Inachodai, kabla hata ya kuuliza habari za bei na ubora, ni kwamba aliyeuza na aliyenunua wawe watu wenye uwezo wa kufunga mkataba.

Uwezo wa kisheria wa kufunga mkataba ni ile hali ya mtu kutambuliwa kuwa anaweza kujifunga kwa ahadi yake, hata akiivunja ashtakiwe, na mwenzake akiivunja yeye naye adai haki yake mahakamani. Kila mtu mzima huchukuliwa kuwa nao, na anayedai kwamba fulani hakuwa nao ndiye mwenye wajibu wa kuthibitisha. Vitabu vya sheria huwataja watoto, wagonjwa wa akili na walevi kuwa ndio wenye uwezo pungufu, kisha huendelea na mada nyingine, lakini orodha hiyo inaficha jambo lililo kubwa zaidi, nalo ni kujua ni nani aliyepewa hiari ya kuuvunja mkataba. Kanuni hizi ziliwekwa ili aliye dhaifu aishike hiari hiyo yeye mwenyewe. Zikigeuzwa kuwa sababu ya kumfungia nje ya soko, zimepotoshwa, na historia ya Nyanza inaonyesha kwamba upotoshaji huo uliwahi kufanywa na serikali yenyewe.

Umri wa utu uzima nchini Kenya ni miaka 18 kwa mujibu wa Sheria ya Umri wa Utu Uzima ya 1974. Kabla ya hapo ulikuwa miaka 21, kama ilivyokuwa katika sheria ya kawaida ya Uingereza. Mfano unaolifaa soko kama la Sondu ni wa kijana wa miaka 17 anayechukua pikipiki kwa mkopo ili aingie katika biashara ya bodaboda, kwa makubaliano ya kulipa kiasi fulani kila jioni mpaka deni liishe. Huenda kijana huyo ana umbo la mtu mzima, huenda ana mke na mtoto, na abiria wanamwamini kuwapeleka usiku mpaka milimani, lakini sheria haipimi mambo hayo, inahesabu miaka. Mwaka 1937 mahakama moja ya Uingereza ilikumbana na jambo linalokaribiana sana na hilo, katika shauri la kampuni ya mikopo dhidi ya kijana aliyekuwa akifanya biashara ya uchukuzi na ambaye alichukua lori kwa malipo ya awamu, ikaamua kwamba mkataba wa biashara haumfungi mtu ambaye hajatimiza umri, hata kama lori hilo ndilo lililokuwa likimpa riziki. Mwenye kuuza pikipiki asiyeomba kitambulisho cha kitaifa, ambacho hutolewa kwa aliyetimiza miaka 18, kwa hiyo anajiweka mahali ambapo kijana ana hiari ya kuendelea kulipa au kuacha, naye muuzaji hana njia ya kumlazimisha kulipa salio.

Kuna hali moja isiyofuata kanuni hiyo, nayo inastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu ndani yake huruma ya sheria hii inaonekana waziwazi. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa kinasema kwamba mtoto aliyeuziwa na kukabidhiwa mahitaji ya lazima anapaswa kuyalipia kwa bei ya haki. Mahitaji ya lazima ni bidhaa zinazolingana na hali ya maisha ya mtu na ambazo alizihitaji kweli wakati wa kuuziwa na kukabidhiwa, nayo bei ya haki ni bei ambayo bidhaa hizo zinastahili, wala si lazima iwe ile waliyoafikiana. Katika kesi ya Nash dhidi ya Inman, iliyoamuliwa mwaka 1908, fundi cherehani wa London alimdai mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge fedha za nguo ambazo miongoni mwake zilikuwemo vizibao 11 vya fahari, akashindwa kwa kuwa baba wa kijana alionyesha kwamba mwanawe alikuwa tayari na nguo za kumtosha. Kwa hiyo muuzaji ana mambo mawili ya kuthibitisha, kwanza kwamba kitu chenyewe ni cha aina inayomfaa mtoto huyo, na pili kwamba mtoto hakuwa nacho cha kutosha.

Katika eneo ambalo UKIMWI uliacha nyumba nyingi mikononi mwa watoto waliowalea wadogo zao, kanuni hiyo si habari ya Cambridge. Msichana wa miaka 15 anayechukua unga, mafuta ya taa na sabuni dukani kwa ahadi ya kulipa akiuza mboga anabeba deni halali, na kwa kuwa ni halali, mwenye duka anaweza kumkopesha bila hofu ya kupoteza mali yake. Sheria ingemzuia kabisa mtoto kujifunga, hakuna ambaye angemkopesha hata kibaba, na njaa ingekuwa ndiyo faida ya ulinzi huo. Aliyemuuzia kwa bei maradufu ya ile ya soko, akijua hana mkubwa wa kumtetea, hataweza kudai zaidi ya bei ya haki.

Hapa inafaa kutofautisha mkataba ulio batili tangu mwanzo, ambao mbele ya sheria ni kama haukuwahi kuwapo, na mkataba unaoweza kubatilishwa, ambao unasimama mpaka mwenye hiari auangushe. Kabla ya 1961 mikataba nchini Kenya iliongozwa na Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, iliyoletwa na utawala wa Kiingereza, ikaenea bara katika miaka ileile ambayo reli ilifika Kisumu, mnamo Desemba 1901, na rupia ikawa sarafu ya madukani. Chini ya sheria hiyo, Baraza la Faragha la London liliamua mwaka 1903, katika shauri la kijana wa Calcutta aliyeweka nyumba yake rehani kwa mkopeshaji fedha, kwamba mkataba wa mtoto ni batili kabisa. Kenya iliachana na mfumo huo ilipotunga Sheria yake ya Mikataba, ambayo inaelekeza kwenye sheria ya kawaida ya Uingereza, ilhali Tanganyika, katika sheria yake ya mwaka huohuo wa 1961, iliuendeleza mfumo wa Kihindi. Mfanyabiashara anayevuka mpaka wa Isebania akaingia Sirari huwa amevuka pia kutoka nchi ambayo baadhi ya mikataba ya mtoto husimama mpaka aikatae, akaingia katika nchi ambayo makubaliano ya asiye na uwezo hayana nguvu tangu yanapofanywa.

Lakini sura nzito kuliko zote katika historia ya uwezo wa mikataba upande huu wa ziwa haikuwahusu watoto. Serikali ya kikoloni iliweka sheria za kudhibiti mikopo kwa Waafrika, na katika ile ya 1948 mfanyabiashara asiye Mwafrika aliyemkopesha Mwafrika zaidi ya shilingi 200 bila idhini ya serikali hakuweza kulidai deni hilo mahakamani. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba Mwafrika alihitaji kulindwa dhidi ya wakopeshaji werevu kumliko, na maneno hayo ndiyo yaleyale yanayosemwa juu ya mtoto. Matokeo yake yalikuwa wazi, kwani hakuna muuzaji wa jumla mjini Kisumu ambaye angempa mchuuzi wa Nyakach shehena ya bidhaa kwa imani tupu, akijua sheria haitamsaidia kudai, na kwa hiyo mchuuzi alibaki na mtaji wa kiasi alichoweza kubeba mkononi. Mtu mzima mwenye mke, mifugo na jina alifanywa mtoto kwa rangi yake, tena hata hiari ya mtoto hakupewa, kwa maana mtoto huamua mwenyewe kuuvunja mkataba, bali yeye alizuiwa kuufikia.

Jibu la watu wa Nyanza lilikuwa la kisheria vilevile. Mwaka 1947 Jaramogi Oginga Odinga na wenzake walianzisha kampuni ya LUTATCO, yaani shirika la Waluo la kuweka akiba na kufanya biashara, wakauza hisa kwa wananchi wa kawaida na kukusanya mtaji kutoka kwao badala ya kungojea mikopo ambayo sheria zilizoitangulia ile ya 1948 zilikuwa tayari zimeibana. Kampuni iliyosajiliwa ni mtu mbele ya sheria, mwenye jina lake, mali yake na madeni yake, tofauti na watu walioianzisha, kama mahakama ya juu ya Uingereza ilivyokuwa imethibitisha mwaka 1896 katika kesi maarufu ya Salomon. Odinga, aliyekuwa mwalimu, alitambua kwamba uwezo ambao watu walinyimwa mmojammoja wangeweza kuupata wakiwa wengi, na utambuzi huo unastahili kukumbukwa kama sehemu ya mapambano ya uhuru, si kama habari ya biashara peke yake.

Ndiyo maana inasikitisha kuona vikundi vingi vya leo vikifanya biashara bila kulifikiria jambo hilo. Kikundi cha akina mama kinachonunua mahema na viti vya kukodisha kwenye matanga na harusi, kikiwa kimesajiliwa kama chama cha kawaida tu, hakina utu wa kisheria, yaani si mtu anayeweza kumiliki na kudaiwa kwa jina lake, na kwa hiyo viongozi waliotia sahihi ndio wanaoweza kujikuta wakidaiwa wao wenyewe. Chama cha ushirika kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika hakina udhaifu huo.

Mwanamke aliyeolewa naye alikuwa na safari yake. Katika sheria ya kawaida ya Uingereza ya zamani, nafsi ya mke kisheria ilimezwa na ya mume, akawa hana mkataba wa kwake, mpaka Sheria ya Mali ya Wanawake Walioolewa ya 1882 ilipoanza kuliondoa zuio hilo. Mwaka 1971 mahakama ya Kenya, katika kesi ya ndoa iliyoripotiwa kwa herufi badala ya majina, iliamua kwamba sheria hiyo ya 1882 inatumika hapa nchini. Hatimaye Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, katika kifungu cha 4, ilitamka kwamba mwanamke aliyeolewa ana haki sawa na mwanamume aliyeoa ya kupata na kuuza mali, ya kufunga mkataba, na ya kushtaki au kushtakiwa kwa jina lake. Aliyezoea kuwaona wanawake wa Sondu wakipanga bei ya samaki na kuhesabu fedha za lori zima anaweza kudhani kwamba kifungu hicho kinaeleza jambo lisilohitaji kuelezwa, lakini mwenye duka la pembejeo anayemtaka mama alete mumewe atie sahihi ili apewe mbolea kwa mkopo bado anaishi kabla ya 1882. Sharti la idhini ya mwenzi katika kuuza mali ya ndoa ni jambo jingine, nalo linawabana mke na mume kwa usawa.

Jambo linalowatia watu hasara kubwa zaidi, hata hivyo, ni ardhi ya marehemu. Mtaalamu wa sheria atasema, na atasema kweli, kwamba hapa tatizo si uwezo kwa maana yake finyu, kwa kuwa muuzaji ni mtu mzima mwenye akili timamu, bali ni mamlaka, yaani nguvu ya kisheria juu ya kile anachokiuza. Lakini kwa mnunuzi aliyepoteza fedha tofauti hiyo haina uzito, kwani katika hali zote mbili amepatana na mtu ambaye sheria haikumtambua kuwa anaweza kuuza. Hatimiliki bado ina jina la baba, au la babu aliyesajiliwa wakati mashamba yalipopimwa, na mwenyewe amekufa zamani. Mwana mmoja, akibanwa na karo au bili ya hospitali, anauza robo eka. Makubaliano yanaandikwa kwa kalamu ya wino kwenye karatasi iliyochanwa daftarini, yakitaja kiasi kilicholipwa na kilichobaki, mipaka inaelezwa kwa mti na kijito, nambari za vitambulisho zinafuatana chini, mashahidi watatu wanne wanatia sahihi, na bibi mzee asiyejua kuandika anaweka kidole gumba chenye wino. Mnunuzi anajenga, anapanda, anazika hata, mpaka siku ambayo ndugu wa muuzaji aliyekuwa Mombasa anarudi na kudai fungu lake.

Karatasi hiyo inaonekana kamili, na kwa upande mmoja ni kamili, kwa sababu Sheria ya Mikataba inadai mkataba wa ardhi uwe wa maandishi, utiwe sahihi na pande zote na ushuhudiwe, na hayo yote yamefanyika. Kilichokosekana hakionekani kwenye karatasi. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, inasema katika kifungu cha 45 kwamba mtu yeyote asiyeruhusiwa na sheria hatashika wala kuuza mali ya marehemu, na anayefanya hivyo ametenda kosa linaloweza kumletea faini ya hadi shilingi 10,000, kifungo cha hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Anayeruhusiwa ni msimamizi wa mirathi, aliyepewa na mahakama hati ya usimamizi, na hata yeye, kwa kifungu cha 82, hawezi kuuza ardhi kabla hati hiyo haijathibitishwa, hatua ambayo kwa kawaida hungojea miezi sita na ambayo inaitaka mahakama ijue warithi wote ni akina nani na kila mmoja anapata nini. Mnunuzi anayesubiri mpaka hati ithibitishwe hulindwa na kifungu cha 93 hata kama hati ile itakuja kufutwa. Asiyesubiri hubaki na dai la kurudishiwa fedha zake dhidi ya muuzaji ambaye mara nyingi amekwisha kuzitumia, na nyumba aliyojenga inasimama kwenye ardhi ya watu wengine.

Wajane ndio wanaoumizwa zaidi na pengo hili. Mjane anayetaka kuuza kipande cha shamba ili asomeshe wanawe huambiwa, na kwa haki, kwamba hana hati ya usimamizi. Shemeji zake wanapouza kipande kilekile hakuna anayewauliza swali hilo, kwa kuwa ni wanaume wa boma na sura zao zinatosha kuwa ushahidi. Chifu anayeombwa kushuhudia makubaliano ana nafasi ya kuukomesha udhalimu huo kwa swali moja tu, kwa kuwa barua ya chifu inayowataja warithi ndiyo inayoambatanishwa na maombi ya mirathi mahakamani, na kwa hiyo ofisi hiyohiyo inajua ni nani waliobaki katika kila boma. Afisa anayeweka mhuri kwenye mauzo ya ardhi ya marehemu bila hati ya mahakama hamsaidii muuzaji wala mnunuzi.

Kuhusu ulevi hakuna mengi. Mkataba wa mlevi aliyelewa kiasi cha kutojua anachofanya, mwenzake akiiona hali hiyo, unaweza kubatilishwa na mlevi akisharudiwa na fahamu, lakini akiukubali hali ana akili zake umemfunga, kama ilivyoamuliwa Uingereza mwaka 1873.

Akili ni jambo gumu zaidi. Kanuni ya zamani, iliyowekwa mwaka 1892 katika kesi ya kampuni ya mikopo dhidi ya mtu aitwaye Stone, ni kwamba mkataba wa mtu ambaye hakuelewa alichokuwa akikifanya kwa sababu ya ugonjwa wa akili unaweza kubatilishwa ikiwa upande wa pili ulijua, au ulipaswa kujua, hali yake. Kinachopimwa ni uelewa wa wakati ule wa kupatana, si jina la ugonjwa wala sifa ambayo mtu amepewa kijijini. Juu ya kanuni hiyo umekuja mkataba wa Umoja wa Mataifa, kwa kuwa Kenya iliridhia mwaka 2008 Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 12 kinawatambua watu hao kuwa na uwezo wa kisheria sawa na wengine na kuitaka serikali iwape msaada wanaouhitaji katika kuutumia, na Katiba ya 2010, katika ibara ya 2(6), inaufanya mkataba ulioridhiwa kuwa sehemu ya sheria ya nchi. Msaada huo si mtu mwingine kuamua kwa niaba yao. Ni mtu wanayemwamini kuketi nao, kuwaeleza bei na masharti kwa lugha wanayoielewa, kisha kuwaachia uamuzi.

Katika boma nyingi mwelekeo ni tofauti. Mtu aliyewahi kulazwa kwa ugonjwa wa akili hata mara moja hunyang'anywa mifugo yake, simu yake hushikwa na ndugu, na wachuuzi huonywa wasinunue chochote kutoka kwake, yote yakifanywa kwa jina la kumlinda. Sheria ya Afya ya Akili inayo njia ya kumweka msimamizi wa mali ya mgonjwa, lakini njia hiyo hupitia mahakamani, kwa ushahidi wa daktari na amri ya mahakama, na ndugu aliyejiteua mwenyewe hajaipitia. Mama anayeugua kwa vipindi na ambaye siku ya soko ameamka salama, akafunga mbuzi wake kamba, akamleta Sondu na kukataa bei mbili kabla ya kuikubali ya tatu, ana uwezo kamili siku hiyo. Anayemlipa bei hiyo ya tatu amefunga naye mkataba halali, na jamaa aliyesimama kando akimzuia mnunuzi hana neno mbele ya sheria, ila awe amekuja na amri ya mahakama.